Vipande vya nyota havikutani: niuze mashini ya marehemu mama?

BARUA

Yaya, salamu sana. Majibu yako nasoma kila mara, leo njo nimepata nguvu ya kuandika juu hii mambo imenikaa ku roho na usingizi haiji vizuri.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Majengo hapa Goma, nashona tangu niko na miaka 16, mama yangu njo alinifundisha. Nguo za kikwembe, iniforme za watoto, rido za madirisha, hizo hazinisumbui. Miaka miwili iliyopita nilianza kuokota mabaki ya vikwembe ku atelye za wenzangu, nikawa nayaunganisha kuwa bulangeti za vipande, watu wakazipenda juu unajua Goma usiku baridi inauma na mtoto mdogo anahitaji kitu chepesi lakini chenye joto. Sasa kuna mama mmoja wa duka kule Gisenyi aliona moja, akaniagiza sita kwa mara moja, lakini hataki za mraba mitupu, anataka za nyota, alinionyesha foto mu telefone. Amenipa miezi mitatu.

Yaya, nyota imenishinda. Ncha zinakatika, pembe hazikutani, kipande kimoja kinabaki kirefu kuliko mwenzake halafu navuta ili viingiane na bulangeti inakuwa na mawimbi kama ziwa. Ata zile za mraba, nikikuambia ukweli, nilikuwa naficha makosa. Juzi nilipima mistari mitatu ya vipande kumi kumi, vyote nilikata santimetre 12, nashona kwa kufuata ukingo wa mguu wa mashini ambao nahesabu ni kama milimetre 7 na nusu. Mstari wa kwanza ulitoka 104, wa pili 105, wa tatu 107 na nusu. Nilikaa chini nikalia, si juu ya zile santimetre, ni juu nimeshona zaidi ya miaka 20 na bado siwezi kunyoosha mstari.

Mashini yangu ni Butterfly nyeusi ya kukanyaga, ilikuwa ya mama. Januari 2002 volkano ilipotoka, mama alifungua kile kichwa cha mashini, akakifunga mu kikwembe, akakibeba ku mugongo mpaka Gisenyi. Meza na miguu ya chuma vilibaki, moto ukapita juu yake. Tuliporudi alitafuta miguu ingine, seremala akamtengenezea meza mpya, njo ile niko nayo mpaka leo, kichwa kinakaa chini ya ubao kidogo, kama milimetre tano hivi, tumeizoea. Mama alifariki 2019.

Mwezi ujao nakula likelemba, ile pesa tunachangiana kwa zamu, dola 380. Papa ya watoto anasema ninunue mashini ya industri, ameona moja Birere, na meza yake na motere, dola 450, halafu Butterfly tuiuze, kuna mtu anatoa 90, pesa inatosha na kidogo inabaki. Anasema mashini ya zamani njo inaniharibia kazi. Kuze wangu wa Brussels atakuja Agosti kupitia Kigali, na yeye anasema ataniletea ya kwake ya elektroniki, ya kushona zigizaga mpaka milimetre 9, nimpe dola 250, anasema ile inashona sawa yenyewe. Mudogo wangu wa kike naye alisikia habari ya kuuza, akaniambia siku Butterfly itatoka mu nyumba yangu na yeye hataingia tena. Niko katikati yao wote. Nifanye nini?

Mshonaji wa Majengo, Goma


JIBU

Mudogo wangu, aksanti kwa kuniamini. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya pili nilikuwa na metere mkononi, juu umeniandikia namba, na namba zako zinasema kitu ambacho nadhani wewe mwenyewe bado hujakisikia.

Kama nimekuelewa vizuri uko na shida mbili na zimefungwa fundo moja. Vipande havikutani, na watu wako hawakutani. Mume anasema mashini mpya itamaliza shida ya vipande, mudogo wako anasikia kwamba mnataka kumtoa mama mu nyumba, na wewe unaulizwa ujibu yote mawili siku moja na pesa moja. Naomba tufungue fundo kidogo. Swali la usawa wa mshono linaweza kupimwa. Lile la mashini ya mama halipimwi kwa metere, tutalirudia.

Mume wako anasema mashini njo mukosefu, na kuze wako naye anaona ya kwake itamaliza shida. Sina hakika. Vipande kumi vya 12 vina mishono tisa katikati, na kama kila mshono unakula milimetre 7 na nusu kila upande, mstari ungetoka 106 na nusu. Wa kwanza umepungua santimetre mbili na nusu. Inaonekana nyingi lakini igawanye kwa zile kingo 18 zilizoshonwa, ni milimetre moja na kitu tu kwa kila moja. Wewe si mshonaji mubaya mudogo wangu, nguo inasamehe milimetre moja na bulangeti ya vipande inazijumlisha zote mpaka mwisho. Umeshona zaidi ya miaka 20 kazi inayosamehe, sasa umeingia ku kazi isiyosamehe, machozi yako nayaelewa.

Lakini angalia kitu kingine. Mistari miwili imekuwa mifupi na mmoja umekuwa mrefu. Kama mguu wa mashini ungekuwa na kosa lile lile kila siku, tuseme unakula milimetre 9 badala ya 7 na nusu, mistari yote ingekuwa mifupi sawasawa, na bulangeti ya mraba mitupu ingekutana vizuri kabisa, ingekuwa ndogo kidogo basi. Kosa linalojirudia sawasawa, mraba hauoni. Kwako kuna kitu kinachocheza kutoka mshono mmoja mpaka mwingine, na kitu kama hicho mara nyingi kiko ku mukasi, ku jicho, ku pasi, au pale kitambaa kinapoingia chini ya sindano. Ukinunua mashini ya dola 450 na hivyo vinne vikabaki vile vile, naogopa utapata makosa yale yale, kwa haraka zaidi.

Nyota ni mambo mengine, yenyewe inaona kila kosa. Chukua kipande kimoja cha 13 na nusu, halafu unganisha viwili vya 7 na nusu ili vikae pembeni yake. Ukishona na milimetre 7 na nusu kamili, vile viwili vinatoka 13 na nusu, vinalingana na ndugu yao. Ukishona na milimetre 9, vinatoka 13.2, na zile milimetre tatu njo zile unavuta mpaka mawimbi yanatokea. Upande wenye mishono mingi unapungua kuliko upande wenye michache. Kwa hiyo kwa nyota unahitaji vitu viwili pamoja, mshono usiocheza na mshono wenye kipimo cha kweli.

Sasa kabla hujagusa pesa ya likelemba naomba ufanye jambo moja linalokula nusu saa. Kata vipande vitatu virefu vya upana wa santimetre 4, kitambaa kile kile cha kazi, viwe vimefuliwa kwanza juu kikwembe kipya kina gundi na kinaweza kurudi kikifuliwa. Vishone vitatu pamoja kwa urefu, piga pasi, pima. Cha katikati kinapaswa kuwa 2 na nusu kamili, na vyote vitatu 9 kamili. Cha katikati kikiwa 2.3 unakula kingi, kikiwa 2.6 unakula kidogo. Pima mwanzo, katikati na mwisho, juu kama mwanzo ni 2 na nusu na mwisho ni 2.3, shida ni mkono kuteleza, si kipimo. Na usishangae ukishona juu ya mstari kabisa na bado kikapungua kidogo, ile kona kitambaa kinapokunjwa juu ya uzi nayo inakula, njo maana wazoefu wanashona unene wa uzi mmoja ndani ya kipimo.

Hukuniambia unakata vipi. Kama ni mukasi na vitambaa vinne vimepangwa pamoja, cha chini huwa hakifanani na cha juu. Jaribu kiolezo cha karatasi ngumu, au cha bati kama fundi bati jirani anaweza kukukatia, na vitambaa viwili tu kwa mara moja. Pasi pia, kama ni ya makaa ni nzito, unaisukuma na kitambaa kinanyooka nayo, hasa zile pembetatu za nyota ambazo zimekatwa kwa mshazari. Weka, bonyeza, inua, usiburute. Na maji ya uji mwepesi wa mihogo kabla ya kukata yanasaidia kuliko watu wanavyofikiri, kitambaa kinakuwa kama karatasi na kinatii.

Tuje ku mguu wa mashini, pale ambapo roho yangu iko sana. Unasema unafuata ukingo wa mguu na unahesabu ni milimetre 7 na nusu. Unahesabu, au umepima? Weka karatasi ya mistari chini, teremsha sindano bila uzi, pima kutoka tundu mpaka ukingo. Butterfly nyingi za aina yako zimefuata muundo wa Singer 15, na mguu wake wa kawaida haukutengenezwa kuwa kipimo, ulitengenezwa kubana kitambaa tu. Ila angalia kulia ya sahani ya sindano, juu ya kitanda cha mashini, ule uso bapa kitambaa kinapopita, mara nyingi kuna tundu mbili ndogo za kufungia skrubu. Watu wanazijaza vumbi na mafuta wanazisahau. Zile ni za kiongozi, kipande cha chuma kidogo kinachofungwa kwa skrubu, unakisogeza mpaka milimetre 7 na nusu, unakaza, na kitambaa kinatembea kikigusa ukuta wake, jicho lako linapumzika. Ukikosa ya dukani fundi wa chuma anaweza kuitengeneza. Ukikosa ata hiyo, kata kadi ngumu, bandika na skochi tabaka kadhaa mpaka iwe ukuta mdogo. Nimeona mtu akibadilisha kazi yake yote kwa kadi ya telefone na skochi.

Kuna pia ile miguu maalum ya vipande, ina ukuta mdogo wa chuma upande wa kulia, wengi wa Marekani na Ulaya wanaitumia. Ukimwagiza kuze wako akuletee mmoja, kuwa makini na mambo mawili. Kwanza shingo. Butterfly yako inataka mguu wa shingo fupi, mguu ukiwa chini, kutoka kitanda mpaka katikati ya skrubu ni karibu santimetre 2 au pungufu kidogo, ile ya shingo ndefu inafika 2 na nusu au zaidi na haitakaa. Kampuni ya Bernina kwa mfano wana mguu namba 57 wenye ukuta, mzuri kabisa, lakini ni wa mashini zao. Pili kipimo. Miguu hiyo mingi inahesabu robo ya inchi, ni milimetre 6.35, wewe unakata kwa hesabu ya 7 na nusu. Ukichanganya hivi viwili utalia tena na hutajua kwa nini. Chagua hesabu moja, kama ni inchi basi metere, kiolezo na mguu vyote viwe vya inchi.

Na ile meza. Uliiandika kama habari ya kupita, mimi nilisimama pale. Kichwa kikikaa chini ya ubao milimetre tano, kitambaa kinateremka shimoni kila mara, kinagonga ukingo, kinakwama, kinaruka. Kinaweza kuwa ndicho kinachokuchezea mstari. Seremala akitia vipande vya ubao au mpira chini ya kichwa mpaka vilingane, ni kazi ya saa moja. Fungua pia sahani ya sindano ufagie chini ya meno yanayosukuma kitambaa, vumbi letu la mawe ya volkano likichanganyika na pamba linakuwa kama sementi, na legeza kidogo ile skrubu ya juu inayobana mguu kama kitambaa cha juu kinasukumwa mbele ya cha chini.

Mashini yenyewe, twende pole pole. Mama alikuachia mashini ya tundu moja dogo la sindano, mshono wa moja kwa moja tu, na kwa vipande hilo si kosa. Kule Marekani washonaji wa bulangeti mpaka leo wanatafuta Singer 221, ndogo ya kilo 5 hivi iliyoanza kutoka 1933, haijui zigizaga, wanaitaka juu tundu lake dogo halimezi pembe ya kitambaa. Butterfly yako iko na tundu kama hilo, na haingoji kuran ya umeme. Hatari yake ni mikono na miguu yako, bulangeti sita ni mishono mingi na miezi mitatu si mirefu, na kama nondo inayoshika sindano imelegea au chuma cha mguu kinatikisika ukikishika, hapo kiongozi hakitakuokoa, tafuta fundi kwanza.

Mashini ya industri ya Birere inaweza kuwa rafiki mzuri. Zile za mshono mmoja kama Juki DDL-8700 zinafika mishono 5,500 kwa dakika, zinashona sawa sana na meza imelingana na kitanda. Lakini kwa vipande vidogo speedi inaweza kuwa adui. Uliza motere ni ya aina gani, ile kubwa ya zamani inazunguka na kunguruma ata usiposhona na ni ngumu kwenda pole pole, ile ndogo ya servo inazunguka unapokanyaga tu na unaweza kuipunguza. Sindano zake ni zingine, miguu yake ni mingine, vya Butterfly havitaingia, hiyo ni pesa nyingine. Na kuran ikikatika unakaa, kama mnakaa nyumba ya kupanga majirani nao watasikia. Ukienda kuiona nenda na vile vipande vitatu vyako, shona pale pale mbele ya muuzaji, pole pole, pima.

Ya kuze wako, voltaji ya Ubelgiji na ya kwetu zinaelewana, hapo hakuna taabu, ila mashini za elektroniki zinaogopa kuran inayopanda na kushuka, utahitaji stabilizateri, na kadi yake ya elektroniki ikiungua sijui utaipeleka kwa nani hapa. Halafu ile habari ya kushona sawa yenyewe, muulize vizuri. Mashini ya zigizaga ya milimetre 9 ina tundu pana na meno yaliyoachana, pembe ya pembetatu inaweza kumezwa mwanzoni, na ukiweka mguu mwembamba wa vipande meno ya kulia yanaweza kubaki bila kubanwa, kitambaa kinapinda. Dawa iko, sahani ya tundu moja, lakini lazima iwe imekuja nayo, na siku ukisahau ukaweka zigizaga juu yake sindano inavunjika. Muombe ashone vipande vitatu kulekule Brussels akutumie foto na metere juu yake. Akiwa anakupenda hatakataa.

Sasa watu wako. Naona umeandika maneno ya mume wako bila hasira, hilo limenigusa. Lakini jiulize, yeye anapigania mashini ya Birere, au anaogopa kwamba likelemba itaisha bila kuacha kitu mu nyumba? Kama ni woga wa pili, kumwonyesha vipande viwili vya nyota vinavyokutana kunaweza kumtuliza kuliko maneno. Na dola 90, je, njo zinazokosekana kweli? Muuzaji wa Birere anaweza kupokea sehemu sasa na nyingine ukilipwa bulangeti ya kwanza, au mama wa Gisenyi anaweza kukupa avansi, au utaona hauhitaji mwezi huu. Kila njia ina hatari, deni ni deni, avansi inakufunga, na kungoja kunakula siku zako.

Kuhusu mudogo wako sitakuambia yuko sawa wala kwamba amekosea. Naona tu kwamba mama alikibeba kile kichwa ku mugongo akaacha meza, wote wawili mlikuwa watoto wake siku ile, na hakuna pahali mu barua yako umeandika kwamba mlikaa mkaongea kuhusu mashini ni ya nani sasa. Labda kwake si chuma, ni kuogopa kwamba uamuzi unapita bila yeye. Ungemwita siku ya kupima vile vipande vitatu, ata kama hashoni, ashike metere? Na kama mwisho wake utaona lazima iuzwe, juu watoto wanne ni watoto wanne, kuna tofauti kubwa kati ya kuiuza mkiwa mmeongea na yeye kuikuta haipo. Kuna pia njia ya katikati, Butterfly ibaki ya vipande vidogo na mashini ingine ishone nguo na mistari mirefu, lakini hiyo inataka nafasi mu nyumba na uvumilivu wa mume, wewe njo unawajua.

Niandikie tena ukishapima. Nataka namba tatu za kile kipande cha katikati, mwanzo, katikati na mwisho, na uniambie kama zile tundu mbili umezikuta chini ya vumbi.